Barua ya wazi kwa wakuu wa hifadhi zetu: kiingilio tunakimudu, tuuzieni kiti

Waheshimiwa wakuu wa hifadhi,

Baada ya salaam. Barua hii ni yenu ninyi mnaosimamia hifadhi za taifa, pamoja na wakubwa wenu wa Wizara ya Maliasili na Utalii, na nakala imfikie yeyote anayeshika kalamu wakati bajeti ikipangwa. Sijaja kugombana. Nina ombi moja na nalitaja hapa juu ili mwenye haraka asichoke kulitafuta: tuuzieni kiti. Kiti kimoja kimoja, ndani ya gari la kutalii, siku inayojulikana na bei inayojulikana, kwa Mtanzania ambaye hana gari wala hana watu kumi wa kuchangia naye gari.

Nitaizungumzia Mikumi kwa sababu ndiyo iliyo njiani kwetu tunaokaa Dar. Lakini naamini mtu wa Mwanza anayeiwaza Serengeti, au wa Tanga anayeiwaza Saadani, naye atatia sahihi yake hapa chini bila kusita.

Tuanze na kinachoonekana barabarani. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa na Mbeya, ileile inayobeba malori ya Zambia na Kongo, inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Kila siku mabasi ya Mbeya, Njombe, Songea na Tunduma yanapita humo yakiwa yamejaa. Hakuna anayetangaza kitu. Konda yuko na simu yake, video ya vichekesho inaendelea juu ya kichwa cha dereva, mara mtoto mmoja anapiga kelele: twiga! Basi zima linahamia upande wa kulia. Mzee aliyelala tangu Chalinze anatikiswa bega. Aliyekaa siti ya mwisho anauliza yuko wapi, yuko wapi, na twiga ameshabaki nyuma. Wanafuata swala, wanafuata nyani waliokaa ukingoni mwa lami wakingoja ganda la ndizi, na mwenye bahati anapata tembo. Baadaye mnatokea Mikumi mjini, watu wanashuka kununua chochote na kuchimba dawa, safari inaendelea.

Kwa maoni yangu huo ndio utalii wa ndani mkubwa kuliko wote nchini, ila hauna tiketi wala mwongozaji. Na umezaa mambo mawili. La kwanza, watu wanaamini wameshaiona Mikumi. Ukimwambia jirani yako twende Mikumi anakujibu, "Mikumi si ile ya njiani? Mbona mimi naipita kila Krismasi nikienda kwetu?" La pili ni makombo. Abiria ambaye hajaambiwa kitu anarusha gunzi la hindi dirishani, nyani anajifunza kwamba lami ina chakula, anasogea, na gari linalofuata linamkanyaga. Mmeweka vibao vya faini kwa atakayegonga mnyama, mmeweka na matuta, hiyo ni kazi nzuri na muendelee nayo. Ila kibao hakiwezi kumfundisha mtu kumjali mnyama anayemwona kwa sekunde nne.

Mikumi yenyewe iko nyuma ya hicho kipande cha lami. Ina kilomita za mraba 3,230. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964, mwaka uleule wa Muungano. Kusini inashikana na Hifadhi ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, kwa hiyo tembo anayevuka barabara mbele ya basi la Songea si wa pale tu, ana nchi kubwa nyuma yake ya kutembea. Ndani kuna uwanda wa Mkata, nyasi hadi macho yachoke, na ukigeuka mashariki unaiona milima ya Uluguru imesimama na mawingu yake. Kuna bwawa la viboko. Kuna misitu ya miombo kwenye miinuko, huko ndiko wanakokaa tandala na palahala. Palahala humwoni kutoka dirisha la basi la Mbeya hata upite miaka ishirini.

Sasa tuje kwenye hela, maana ndiyo kiini cha barua.

Kiingilio cha raia nawapongeza nacho. Mtu mzima Mtanzania anaingia Mikumi kwa pesa ambayo hapa mjini haizidi sahani ya chipsi kuku, na mtoto analipa chini ya hapo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kiingilio ndicho kinachomzuia. Kinachozuia kiko hatua inayofuata. Hifadhini huingii kwa miguu, na hairuhusiwi kuingia na bodaboda, na haki kabisa, simba hajui kwamba wewe ni mwananchi. Lazima uwe ndani ya gari. Magari ya kukodi yapo, Mikumi mjini unayapata na mawakala wa Dar wamejaa mitandaoni. Ila yanakodishwa gari zima. Laki mbili, laki tatu, na kuendelea, kutegemea gari na umbali. Mzungu aliyepanga safari yake tangu mwaka jana hilo kwake ni dogo. Kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja na mke na watoto wawili ni sehemu kubwa ya mshahara. Mmetufungulia bomba karibu na bure, halafu ndoo inakodishwa kwa laki tatu.

Matokeo yake ni kwamba mtu asiye na gari anaingia hifadhini kwa njia moja tu: kundi. Shule, kwaya, wafanyakazi wa ofisi, au kikoba. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Temeke, na tulikwenda kwa njia hiyo, sikukuu ya Nane Nane. Tulichangishana kwa miezi, kando na hisa zetu na kando na mfuko wa jamii, kwa sababu mama mweka hazina wetu hakubali hela ya msiba iguswe kwa ajili ya kuangalia pundamilia. Alikuwa na haki. Tukamwendea wakala mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja. Akatupangia Coaster, kiingilio, mwongozaji na chakula cha mchana, bei moja.

Coaster mnaijua. Ni gari zuri la kwenda harusini. Vioo vimepakwa giza, juu ya giza kuna maandishi makubwa ya kumsifu Mungu, na pazia zimeshonewa juu zisifunguke zote. Aliyekaa dirishani aliona tembo. Aliyekaa katikati aliona mgongo wa aliyekaa dirishani. Waliokaa kwenye vile viti vya kukunja vya njiani, na hao walilipa sawa na wengine, waliiona Mikumi kwenye simu za wenzao usiku tuliporudi. Mwongozaji tuliyeahidiwa hakuwepo. Chakula cha mchana kilikuwepo, nisimsingizie mtu, ingawa wali ulikuwa wa jana.

Na tulichelewa. Tulitoka Temeke saa tisa usiku, watoto wamefungwa kanga juu ya masweta, chupa za chai na maandazi mapajani, lakini kwa foleni ya malori na vituo vya ukaguzi tulifika langoni Kikoboga jua limeshapanda. Wanaoijua hifadhi wanasema simba umtafute alfajiri, kabla hajalala kivulini. Sisi tuliingia wakati yeye anaingia kulala.

Kilichookoa siku ile ni kijana mmoja. Tulipoona hatuna mwongozaji tuliuliza langoni, tukatafutiwa kijana anayeijua kazi hiyo, tukalipia palepale. Akapanda, akasimama karibu na dereva, akauliza, "Mama zangu, niseme Kiswahili?" Gari zima likamjibu kwa pamoja kwamba alitaka kusema nini kingine.

Kuanzia pale ilikuwa safari nyingine. Tulikuta kundi la swala pala, majike wengi na dume mmoja pembeni ana pembe. Tungekuwa peke yetu tungesema swala, picha, twende. Yule kijana akamwambia dereva azime injini. Mama mmoja akamuuliza, "Mwanangu, huyu baba mmoja ndiye analisha wote hawa?" Akajibu, "Mama, halishi mtu. Kazi yake kuwachunga madume wengine wasisogee. Anakimbia huku anakimbia kule, hapati muda wa kula, anakonda, na akishadhoofu anakuja mwenye nguvu anamtoa." Ukapita ukimya kidogo, halafu sauti ikatoka nyuma: "Kumbe huyu tunamjua!" Kicheko kilichofuata nadhani kiliwakimbiza wale swala, na naomba radhi kwa niaba ya kikoba.

Mbele kidogo akatuonyesha mbuyu uliochimbwa ubavuni, shimo ambalo mtoto angeweza kujificha. Akatueleza kwamba ni pembe za tembo. Kiangazi maji yakiwa mbali, tembo anachana gome la mbuyu na kutafuna nyama yake ya ndani kwa sababu ina unyevu, na mbuyu unavumilia sana ila si milele. Mwanangu wa mwisho, anayesoma darasa la pili, aliuliza kama mbuyu unaumia. Kijana hakumcheka. Akamwambia aangalie gome lililoanza kuota upya pembezoni mwa shimo. Nyani, ambao sisi tunawajua kama wezi wa ndizi, akatuambia wapo watafiti waliowafuatilia hapo Mikumi tangu miaka ya 1970, wakimjua kila mmoja na mama yake. Mama mweka hazina akasema basi nyani wa Mikumi wana kumbukumbu nzuri kuliko za kata yetu.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu naona ndipo thamani yote ya safari ilipo, na haikuwa kwenye bei ya wakala. Mgeni anayekuja na kampuni kubwa analetewa mwongozaji anayezungumza Kijerumani, Kihispania, siku hizi hata Kichina, na vijana wetu wanajifunza lugha hizo kwa bidii, Mungu awazidishie. Mwenye Kiswahili analetewa dereva. Anazungushwa, anaonyeshwa kwa kidole, anarudishwa langoni. Tuna Chuo cha Mweka tangu 1963, kinafundisha watu wanaojua kila unyayo. Elimu hiyo itufikie na sisi kwa lugha tunayoulizia maswali.

Nijikumbushe mimi na ninyi jambo la zamani. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Arusha tamko kuhusu wanyamapori. Si lile Azimio la 1967 tulilokaririshwa shuleni, hili ni fupi na wengi hawalijui. Alisema humo kwamba wanyama hawa na mapori wanamoishi ni amana iliyo mikononi mwetu, na akaahidi kwamba tutafanya kila lililo ndani ya uwezo wetu ili wajukuu wa watoto wetu waweze kuufurahia urithi huo. Angalieni kwamba hakuishia kwenye kuulinda. Kulinda mmelinda, kuna askari wenu waliokufa porini kwa kazi hiyo. Lakini wajukuu wa watoto wa watu wazima wa 1961 ndio hawa walioko darasa la pili sasa. Wengi wao watamaliza la saba tembo wamemwona kwenye noti na kwenye katuni.

Najua jibu la kwanza litakalotoka mezani: wazalendo hawaingizi hela, dola ndiyo inayolipa mishahara ya askari. Ni kweli, na sina ubishi na dola. Ila mwaka 2019 tulipata watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5, na 2020, ulipokuja ugonjwa wa Corona, wakashuka hadi kama 620,000. Hakuna kosa tulilofanya, ndege zilisimama tu huko zilikotoka. Mwaka kama ule, nchi ambayo watu wake wamezoea kupanda gari la hifadhi Jumamosi ingekuwa na pa kushikia. Nchi ambayo watu wake wanajua Mikumi ni ya njiani haina.

Sisemi hamfanyi kitu. Sikukuu huwa mnatangaza safari za makundi, na mmekuja Sabasaba na mabanda yenu, watoto wakapiga picha na chatu. Lakini safari ya msimu ni tukio, mtu akiikosa imepita. Ninachoomba ni ratiba. Kitu ambacho fundi cherehani wa Mbagala anaweza kukisikia redioni leo, akakiweka akilini, akakitumia baada ya miezi mitatu akiwa na hela, na akakikuta bado kipo.

Na mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Tangu katikati ya 2024 treni ya SGR inafika Morogoro. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilipangwa shilingi 13,000, na safari haifiki hata saa mbili, wakati kwa basi ukikutana na foleni ya Kibaha unaweza kula asubuhi yote. Mtu anashuka stesheni Morogoro asubuhi hajachoka wala hajatapika. Kilichobaki ni kipande cha Morogoro hadi langoni, na kipande cha ndani ya hifadhi. Basi lenu likimsubiri stesheni Jumamosi na Jumapili, tiketi moja ikawa na basi, kiingilio na mwongozaji wa Kiswahili, akazungushwa kuanzia saa tano hadi saa kumi alasiri, jioni anarudi kupanda treni. Anayetaka simba wa alfajiri alale Mikumi mjini, gesti zipo za kila mfuko, na gari la pili limchukue saa kumi na mbili lango likifunguliwa. Mji ule nao ungepata chochote zaidi ya abiria wa kuchimba dawa.

Gari lisiwe Coaster, tafadhalini. Yapo malori yaliyogeuzwa kwa kazi hii, ubavu wazi, benchi zimepanda kwa ngazi, wa nyuma anaona juu ya kichwa cha wa mbele. Hatuhitaji kiyoyozi. Tunatoka Temeke.

Wala hili si jambo la kubuni. Kruger, kule Afrika Kusini, wasimamizi wenyewe wa hifadhi wanauza viti kwenye magari yao ya wazi, alfajiri na jioni, pamoja na mwongozaji. Mtu mmoja analipa kiti kimoja. Kwetu mtu mmoja, bibi mjane aliyestaafu mwenye hamu ya kuona twiga kabla hajafa, analipa gari zima au anabaki nyumbani.

Mawakala watalalamika mnawanyang'anya biashara. Waambieni hivi: anayenunua kiti kimoja hakuwa mteja wao hata siku moja, angekuwa mteja wao angekuwa ameshakwenda. Tena wakitaka, wapeni wao kazi ya kuendesha magari hayo kwa masharti yenu, nyie mbaki na ratiba, bei na mwongozaji. Sijali basi ni la nani. Najali liwepo Jumamosi.

Kuna hofu nyingine ambayo huwa haisemwi wazi mbele yetu, kwamba Waswahili tukiingia kwa wingi tutaingia na spika, mifuko ya plastiki na kelele. Nakubali sisi si watu wa kimya, swala pala ni mashahidi. Lakini tuwekewe masharti na mtu wa kuyasimamia ndani ya gari. Yule kijana alipotuambia tukikaa kimya tembo atasogea, watu waliolelewa kwenye vigodoro walinyamaza hadi tukasikia majani yakikwanyuliwa. Hakutupigia kelele. Alitupa sababu tu.

Na bado kuna watu wenye haki na kiti hicho kutuzidi sisi wa Dar. Tukirudi tulisimama Doma kununua nyanya, kama kila anayepita njia ile. Mama aliyetuuzia alituuliza tumetoka wapi, tukamwambia kuangalia tembo. Akacheka, akaendelea kupanga nyanya kwenye ndoo, zile kubwa juu. "Dada, mimi nikamwangalie wa nini na huja mwenyewe?" Jirani yake alikuwa ameingiliwa shamba usiku, mahindi yamelazwa. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa, na yule mama aliujua vizuri kuliko mimi. Lakini nilipomuuliza kama amewahi kuingia ndani alisema hapana, wala watoto wake, na kutoka pale alipokaa langoni si mbali. Tembo kwake ni kiumbe cha usiku kinachokula karo ya shule. Hajawahi kumwona mchana, akiwa na ndama, akichimba mbuyu, na mtu wa kumweleza kwa nini anafuata mashamba. Sidhani angemsamehe mahindi. Ila ingekuwa haki yake kumwona na upande huo, bure, kwenye gari hilohilo, siku moja ya kila mwezi kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi na shule zake. Hao msiwauzie. Hao wameshalipa.

Bei ya kiti sisi tuliobaki ipangeni ninyi, mnazo hesabu za mafuta na matairi. Mkitaka kujua mtu wa kawaida anaweza kutoa kiasi gani, ulizeni vikoba, msiulize washauri. Tutawaambia hadi shilingi.

Masika yakiisha, udongo mweusi wa Mkata unakauka na mwezi wa sita barabara za ndani zinapitika tena. Tangazeni Jumamosi moja ya mwezi huo iwe gari la kwanza, hata kama ni moja tu, na kumbukumbu namba ya kulipia. Wale wetu waliokaa kwenye viti vya kukunja wameshaniambia niandike majina yao mwanzo.

Ni mimi,
Katibu wa kikoba, Temeke, Dar es Salaam